Kila Kinywa na Mrija Wake

Ndani ya mkoba wangu kuna mrija. Umekatwa kwenye tete, umechemshwa, umeanikwa juani na kufungwa kwenye kitambaa safi. Nikialikwa kwenye sherehe ya mahari hapa Yoba, mtaa wa Gitega ninakoishi, na mtungi wa impeke ukawekwa katikati, ile pombe yetu ya mtama inayonywewa kwa mrija, mimi natoa wangu. Watu wa Gitega wanacheka. Jirani yangu mmoja huniuliza kama nimekuja pia na kiti changu na bwana arusi wangu. Namjibu kwamba bwana nilishampata, kiti ndicho bado natafuta. Wacha wacheke. Mrija huu nimeurithi kwa mama, na mimi nauonea fahari kuliko wengine wanavyoonea fahari magari yao.

Nililelewa Tanzania, kambini. Baba alifia huko, na mdogo wetu wa mwisho pia alifia huko, kwa kolera. Aliamka anacheza na kifuniko cha sufuria, na jua lilipozama alikuwa ameshazikwa. Mvua zilikuwa zimejaza vyoo, watu walikuwa wamebanana kama maharage kwenye gunia, na foleni ya bido, yale madumu ya maji, ilikuwa ndefu kiasi kwamba ukipata maji hukuwa na haja ya kuuliza yametoka wapi. Mama alilia alivyolia, kisha akabadilika. Walipokuja watu wa kufundisha usafi, wengine walikwenda kupokea sabuni wakarudi zao. Mama alikaa akasikiliza hadi mwisho, na kesho yake akaenda tena. Tangu hapo kwetu hakuna aliyekunywa maji yasiyochemshwa, wala hakuna aliyenawa kwenye beseni moja na mwenzake.

Amani ilipokuja tukarudi. Lori lilitushusha Butihinda, mkoani Muyinga, kwenye kilima alichozaliwa baba, na sisi watoto tukashuka tukiwa na Kiswahili kingi na Kirundi cha kuungaunga. Shamba la babu lilikuwepo, zuri, la migomba na kahawa, ila lote lilikuwa likilimwa na baba mdogo, ndugu yake baba aliyebaki. Simlaumu kwa kulima. Ardhi haikai ikingoja watu. Lakini tuliporudi, alitupa kibanda kule bondeni, karibu na kinamasi, akasema tupumzike kwanza. Tukapumzika misimu miwili.

Waliorudi wote walipangwa hukohuko bondeni. Maji tuliteka kwenye chemchemi ambayo ng'ombe wa watu wa juu walikuwa wakinywea kabla yetu. Wengi hawakuwa na choo, kwa kuwa mtu ambaye hajui kama atakaa hachimbi shimo. Mama alichimba. Alichimba hata kabla ya nyumba kuwekwa mlango, na choo chake akakitia mlango wa mbao. Watu walishuka kutazama mjane kutoka Tanzania ambaye nyumba yake iko wazi na choo chake kimefungwa. Walicheka mpaka wakashika mbavu, na kabla ya kuondoka wawili wakaomba kukitumia.

Kisha akaenda Muyinga mjini, kwenye duka la Mhindi mmoja Mwislamu, akanunua birika la plastiki, lile la kutawadhia. Akalitundika mlangoni. Hakuna aliyekula kwetu bila mama kummwagia maji ya birika na kumpa sabuni. Katekista aliposikia habari hizo alikuja kuuliza kwa upole kama kweli amebadili dini huko alikotoka. Mama akamtuliza kwamba yeye bado yuko kanisani, ni mikono tu iliyosilimu.

Watu wa kilimani walikuwa na imani yao kuhusu kolera. Ni ugonjwa wa ziwani, walisema, wa watu wa Ziwa Tanganyika wanaokula ndagala, dagaa wao, na kuishi kwenye joto. Huku juu kuna baridi, haipandi. Walivyosema ungedhani kolera ni mzee mwenye magoti mabovu. Halafu zikaja habari kwamba imetokea tena kule ziwani, na baadaye kwamba imeonekana pia ng'ambo ya mpaka. Imani ikarekebishwa kidogo: kolera ni ya watu wa ziwani na ya wale waliotoka Tanzania. Ramani yao ikawa na sehemu mbili tu, ziwani na nyumbani kwetu. Wanawake wakaanza kungoja tumalize kuteka maji ndipo washuke, ingawa ng'ombe wao hawakungoja.

Hapo ndipo bashingantahe, wazee wa baraza la kilima, walipomaliza shauri letu la shamba, ambalo mama aliwapelekea baada ya ile misimu miwili. Waliamua shamba la babu ligawanywe nusu kwa nusu, baba mdogo na watoto wa marehemu kaka yake. Ila kwetu uamuzi wa mdomo ni nusu ya uamuzi. Nusu nyingine hunywewa. Pande mbili hukaa kuzunguka mtungi wa impeke pamoja na wazee, mrija mmoja ukapita kinywa hadi kinywa, na kesho yake mpaka unapandwa miti. Anayekataa mrija amesema mambo mawili bila kufungua kinywa: kwamba anashuku sumu, na kwamba hataki upatanisho. Mjane akikataa, amejinyang'anya mwenyewe.

Nilimwona mama siku zile. Alikuwa akipepeta maharage yaliyokwisha kupepetwa. Alitaka lile shamba kwa ajili yetu kuliko alivyotaka kitu chochote duniani. Na alikuwa ameapa juu ya kaburi la mtoto kwamba hakuna mtu wake atakayetia kinywani kilichotoka kinywani kwa mtu wakati kolera iko njiani. Mimi nilimwambia anywe tu mara moja, Mungu anaona. Akanijibu kwamba hata kambini Mungu alikuwa akiona.

Siku ikafika. Tulikaa uani kwa baba mdogo, wazee mbele, sisi upande wa chini. Kando ya baba mdogo alikaa mkwe wake, mume wa binti yake, aliyefika asubuhi hiyo kutoka ziwani na magunia ya ndagala. Mke wa baba mdogo akaleta mtungi, akatia mrija mrefu wa wote. Kisha akafungua pindo la kitenge, akatoa mrija mwingine, mfupi, mbichi bado, akauweka mbele ya mama. Akasema kwa sauti ndogo kwamba huo ni wetu sisi tuliotoka Tanzania.

Kila mtu alielewa. Tulialikwa kupatana na tukatengwa hapohapo, mbele ya mtungi uleule. Damu ilinipanda. Niliinuka niondoke, na kama mama hangenishika pindo la nguo ningesema maneno ambayo Kirundi changu kibovu kingeyafanya yawe mabaya zaidi.

Mama aliuchukua ule mrija kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea zawadi. Akauinua kwenye mwanga akachungulia ndani yake. Kisha akazungumza, kwa kile Kirundi chake chenye lafudhi ya Tanzania ambacho watoto wa kilimani walizoea kukiigiza.

"Asante, mdogo wangu. Umetupa mrija ambao hakuna aliyeutia kinywani. Kwetu hiyo ni heshima, maana nilizika mtoto kwa kukosa heshima hiyo. Sasa wape na wazee wa watu. Haifai sisi wageni tunywe vizuri na wenyeji wabaki na ule mmoja."

Mke wa baba mdogo alitazama mikono yake. Basi mzee mkubwa kuliko wote akaanza kucheka, taratibu, mabega yakitikisika. Akasema kwamba miaka yote hiyo amekuwa akinywa impeke yenye ladha ya tumbaku ya jirani yake, na kwamba na yeye anataka mrija wa heshima kabla hajafa. Jirani yake akadai yeye ndiye aliyeteseka zaidi. Wakacheka wote, na wazee wakishacheka jambo limepita. Vijana walitumwa kinamasini kukata matete. Mama akayachemsha kwenye sufuria ya mwenye nyumba, kisha akazunguka na birika lake na sabuni, akimwagia maji mzee mmoja baada ya mwingine, na baba mdogo, na mkwe wa baba mdogo. Tukanywa, kila kinywa na mrija wake. Nilirudi bondeni nikitembea kama bibi arusi.

Kesho yake tulikwenda kupanda mpaka, na baba mdogo hakuja na jembe. Alisema ameliwaza usiku kucha. Jana tulikaa pamoja, alisema, ila hatukunywa pamoja, kila mtu alinywa kivyake. Hakuna kinywa kilichokutana na kingine, kwa hiyo hakuna mapatano. Wazee wakagawanyika. Wengine walisema mtungi ni mmoja, inatosha. Wengine wakasema mila ni mrija, siyo mtungi. Mzee aliyecheka jana alikasirika akaondoka akipiga fimbo yake chini. Nilimtazama mama nikijua anafikiri nilichokuwa nafikiri: kile alichokifanya kwa akili zake zote ndicho kilichotunyima shamba. Alirudi bondeni akashika jembe akalima kale kabustani ketu.

Haikupita siku nyingi, tukasikia kelele kutoka juu, kisha kelele zikanyamaza. Mke wa baba mdogo alishuka hadi njia panda, akasimama mbali nasi, kilemba mkononi. Mkwe wao alikuwa akiharisha na kutapika maji matupu, macho yameingia ndani, na majirani wote walikuwa wamekimbia. Ile kolera isiyopanda milima ilikuwa imepanda, ndani ya tumbo la mtu wao wenyewe.

Nilichosema nakikumbuka vizuri. Nilisema baba mdogo mwenyewe ashuke aje kutafuta mrija wa kuponya. Mama alikuwa tayari anapima sukari na chumvi kwenye maji aliyochemsha.

"Shamba nitalidai kwa watu walio hai," akaniambia. "Shika bido."

Tulipanda. Mchana kutwa alimnywesha yule mtu kwa kijiko, mgonjwa akitapika mama anangoja kidogo, kisha anaanza tena. Alichimba shimo la matapishi, akayafunika kwa majivu, akamwonyesha mke wa baba mdogo namna ya kuchemsha nguo na namna ya kutoka mle ndani bila kutoka na ugonjwa. Wanaume waliopaswa kubeba ingovyi, machela yetu ya kusuka, walisimama mbali na ua wakisukumana. Mama akawaendea na birika. Akawaambia wakamate wapi na wasikamate wapi, na kwamba atawamwagia maji ya sabuni kabla na baada. Wakabeba. Aliandamana nao hadi kituo cha afya, mabega yake madogo na birika lake nyuma ya machela, na mimi nikimfuata nilijiambia kwamba yule anayetembea pale mbele ni mama yangu mzazi. Sijawahi kuona fahari ya namna hiyo tena, hata siku niliyozaa.

Mkwe alipona. Lakini kilimani watu walikuwa wakingoja kitu kingine. Walikuwa wakikumbuka nani alikaa kando yake siku ya mtungi, nani angeupokea mrija baada yake. Angekuwa baba mdogo, kisha yule mzee mkubwa, kisha baraza zima. Kila asubuhi wake za wale wazee waliwaamsha kwa hofu. Hakuna aliyeugua. Majuma yakapita, na hakuna aliyeugua. Wanawake wakaanza kushuka bondeni kuangalia choo cha mama kilivyojengwa, na safari hii hakuna aliyecheka. Vijana wakajengea chemchemi ukingo wa mawe, ng'ombe wakahamishiwa chini.

Asubuhi moja baba mdogo akashuka. Begani alikuwa na jembe, kwapani fungu la miche ya miyenzi, ile minyaa yenye utomvu mweupe tunayopandia mipaka, na nyuma yake wazee walikuja mmoja mmoja. Tulipanda sote hadi shambani kwa babu. Alianza kuchimba mwenyewe bila kungoja kuonyeshwa mahali, katikati kabisa, na hakusimama mpaka mche wa mwisho umeingia ardhini. Kisha akanyooka, akaelekeza jembe upande wetu wa mpaka. Angeweza kuzungumza Kirundi. Alizungumza Kiswahili alichookota kwenye masoko ya mpakani, ili wadogo zangu ambao Kirundi kiliwapita wasikie pia, na asibaki mtu wa kusema hakuelewa.

"Shemeji, ile siku tulikunywa. Mi ndiye nilikataa, lakini tulikunywa. Huku yote iko ya watoto ya kaka."

Mama alikwenda kulichukua birika alilokuwa ameliweka kwenye kivuli cha mgomba. Aliporudi, baba mdogo alikuwa ameshakunja mikono ya shati, viganja vimejaa udongo wa mpaka wetu, amevinyoosha mbele yake bila kuambiwa, anangoja kumwagiwa maji.