Kiti cha Magurudumu cha Kaka Yangu

Kaka yangu alikuwa na miaka thelathini na miwili alipopewa kiti cha magurudumu, na miguu yake ilikuwa mizima kuliko ya afisa aliyekileta. Kila asubuhi alitembea kutoka kwetu, karibu na Matiliku, hadi mtoni na kurudi, njia ile ile. Hakumtazama mtu usoni. Ukimsalimu leo, alikujibu kesho. Siku hizi hali hiyo ina jina. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, fomu za ofisi ya ustawi wa jamii, mjini Wote, zilijua majina manne tu: kipofu, kiziwi, kiwete na mwenda wazimu.

Mama alikwenda ofisini humo mara tatu na swali moja: nikifa, huyu atabaki na nani? Alikuwa na presha, nami nilikuwa nafundisha Zombe, mbali.

"Mwaitu, huyu mtoto yako ni mlemavu wa nini?" afisa aliuliza, akimwita "mama" kwa Kikamba.

"Hapendi kelele. Na anataka kila kitu kikae kwa laini, kimenyooka."

Afisa akatafuta kelele kwenye fomu, akaikosa. Akaweka alama penye kiwete, kwa kuwa viti ndivyo vilivyojaa stoo.

Kiti kilipoletwa nyumbani, kaka alikataa kukikalia. Afisa akakaa mwenyewe kumwonyesha, na kaka akamsukuma, moja kwa moja, hadi nje ya boma na kuendelea. Tangu siku hiyo kiti kilibeba mitungi ya maji.

Sitawatukana wote. Nesi mmoja wa zahanati alimuuliza Mama anachopenda kaka na anachoogopa, akaandika yote kwenye daftari. Nilimpenda sana yule nesi. Alipewa uhamisho kabla ya mwezi kwisha, akaondoka na daftari lake.

Kijijini kulikuwa na mwethya, kikundi cha akina mama waliochimbiana matuta kwa zamu, shamba baada ya shamba. Mvua ilikuwa ikiyabomoa kila mwaka. Siku moja kaka aling'oa vigingi vyao vyote vya kupimia matuta akavipigilia upya. Walimfokea mpaka wakachoka, wakachimba kwa kufuata vigingi vyake. Mvua ikaja, matuta yakasimama. Basi ikawa hakuna jembe linaloinuliwa kabla yeye hajapima. Na kwa kuwa kelele zilimtesa, wakaacha kuimba wakichimba, jambo ambalo mchungaji wala chifu hangeweza kuwaambia wakamsikia.

Mama alifariki mwaka uliofuata. Baada ya mazishi nilimwendea mwenyekiti wa mwethya, nikamuuliza swali la Mama. Nilikuwa tayari kumchukua kaka hadi Zombe, na niliogopa, nasema kweli.

"Mwalimu, unamtoa umpeleke wapi?" alinijibu. "Huyu ni wetu. Atakula kwetu. Na zamu yake ni Alhamisi."

Alhamisi walikuja wote na majembe, wakachimba shamba la kaka yangu mpaka jioni, na hakuna aliyeimba.