Chura wa Kijani Mikononi mwa Mama

Nyumba yetu ya Blacktown, huku ughaibuni, ilinuka jiki, ile dawa kali ya kusafishia. Mama alikuwa nesi, Mkenya wa kujivunia usafi, na hakuna kitu kilichovuka mlango wake bila kusuguliwa: viatu, mkoba wangu wa shule, hata mananasi ya sokoni Cabramatta. Harufu ile ilichoma pua mpaka machozi yakatoka, nami niliipenda, kwa kuwa ilimaanisha Mama yuko nyumbani, hajaitwa kazini.

Nilipokuwa na miaka kumi, moyo wangu ulitekwa na vyura wa sumu wa Amerika Kusini, wale wadogo wa buluu iliyokolea niliowaona kwenye video. Mzee mmoja wa Lidcombe aliyefuga vyura alinivunja moyo papo hapo. Nchi hii mtu wa kawaida haruhusiwi kuwafuga, alisema, na hata ingeruhusiwa, si wa mtoto anayeanza. Akanionyesha chura wa kijani wa mitini, mnene, mpole, ametulia kama mtu aliyeshiba ugali. Huyu huvumilia mengi, akaniambia, ila ngozi yake hunywa kila kinachoigusa. Sabuni isimkaribie, na maji ya mfereji yatiwe kwanza dawa ya kutoa klorini. Mama hakuyasikia hayo. Alikuwa amejifungia garini, hataki hata kumwona chura. Alikubali tumnunue kwa sharti moja: mtu akiwashwa hata kidole, chura anarudi siku hiyo hiyo.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kutoka mazoezi ya kwaya, nikakuta ile harufu inatoka chumbani kwangu. Tangi la kioo lilimetameta. Mama alikuwa amelisugua kwa jiki, akatia maji ya mfereji, akamrudisha chura kwa mwiko kwa sababu hakuthubutu kumgusa. Alisimama pale akitabasamu, akingoja shukrani. Chura alikuwa ametanua miguu, rangi imegeuka hudhurungi, koo halichezi.

“Mama, umemuua!” nililia kwa Kiswahili, mimi niliyezoea kumjibu kwa Kiingereza. “Anakunywa kwa ngozi!”

“Woi! Ngozi? Leta maji ya chupa, mbio!”

Akasuuza mikono, akamtwaa chura kiganjani, mikono mitupu, akaanza kummiminia. “Pumua, baba. Usinifanyie hivi, pumua.” Nikaleta chupa nyingine, na nyingine. Nilimchukia Mama na kumwonea huruma kwa pamoja, nisijue nimwombee nani. Koo la chura likacheza, likanyamaza. Tukatazamana. Likacheza tena. Mama akaketi sakafuni akaangua kilio, chura bado kiganjani.

Sasa mimi ni mtu mzima, nimepanga kwangu, na aina ile ya chura huishi miaka mingi sana. Mara mbili nimekwenda kwa Mama kumchukua, tangi jipya likiwa garini. Yule mama ambaye zamani hakutaka hata kumtupia jicho alisimama mlangoni na sare yake ya kazi, mikono kiunoni.

“Mgonjwa wangu,” alisema, “sijamruhusu kutoka.”