Mwanaume Anayeoga Maji ya Moto

Mume wangu wa kwanza alikufa kwa homa, nami nikiwa nimelala kando yake. Nilikuwa nimemkanda kwa kitambaa chenye maji mpaka mkono ukachoka. Kabla ya mapambazuko niligusa kifua chake, nikakikuta baridi. Nikamshukuru Mungu kwamba homa imeshuka. Nikaweka kichwa begani pake, nikapata usingizi mtamu ambao sikuwa nimeupata tangu augue. Mama yake ndiye aliyekuja kuniamsha, na ndiye aliyejua.

Watu wa kilio waliuliza alikufaje. Nilijibu homa, basi.

Miaka ilipita. Nilivua nguo za kilio, nikarudi kuuza ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, sokoni Uvira. Huko nilikutana na mwanaume aliyekuwa akinunua ndagala kwa wavuvi wa Kalundu na kuzianika mchangani. Mke wake alimwacha zamani. Alikuwa mtu wa maneno machache kama mimi. Alikwenda kwa kaka zangu Kamanyola, wakapatana mahari, mchungaji akatubariki. Nilimpenda. Naandika hivyo ili mtu asifikiri nililazimishwa.

Ila kila aliponigusa kitandani, mwili wangu ulijifunga. Magoti yalikaza, meno yalikaza, moyo ulipiga mpaka nikausikia masikioni. Nilimwambia nimechoka. Siku nyingine tumbo linauma. Hakunilazimisha hata mara moja. Aligeuka, akavuta shuka, tukalala kila mmoja akisikiliza jinsi mwenzake anavyojifanya amelala.

Mchana nilikuwa mzima, natwanga majani ya sombe na kucheka naye. Jua likianza kujificha nyuma ya milima, nilianza kuogopa, maana nilijua yuko ziwani anaoga. Aliingia akinukia sabuni, nywele zinadondosha maji, vidole vyake baridi. Na kadiri nilivyomkwepa ndivyo alivyozidi kuoga. Akaanza hata kujisugua kwa ndimu. Sikuelewa kwa nini, wala sikuuliza.

Nilikwenda kwa shangazi yangu, maana kwetu mambo ya kitanda humpelekei mama, unampelekea shangazi. Alinisikiliza akichagua maharagwe.

"Sasa weye uko unaogopa nini? Ule ni mwanaume, haiko mamba."

Nikacheka, halafu kicheko kikageuka kilio. Akaacha maharagwe. Nilidhani ataniambia nivumilie, kama wanavyoambiwa wanawake wengi. Hakusema hivyo. Alisema hakuna anayetibu kidonda asichoonyeshwa, basi nikakionyeshe pale kinapouma.

Nilitembea na maneno hayo muda mrefu bila kuyatoa. Mchana mmoja tulikuwa tumechuchumaa mchangani tukigeuza ndagala, na yeye ndiye aliyeanza. Alisema, bila kuniangalia, kwamba nikitaka kurudi kwa kaka zangu hatadai mahari yake wala kunitaja vibaya popote. Nilimwuliza nimemkosea nini.

"Harufu ya samaki haitoke," akasema. "Ule bibi wa kwanza alisema hawezi kulala na ndagala. Minye naoga, naoga, na weye bado unanikimbia."

Nikamwangalia mtu huyu aliyejichubua ngozi kwa ndimu kwa ajili yangu.

"Haiko samaki, bwana wangu," nikamwambia. "Ni baridi."

Nikamsimulia yote: kitambaa, kifua, ile asante niliyompa Mungu, usingizi ule mtamu. Nilisimulia huku nageuza samaki, kwa sababu mikono ingekaa bure nisingeweza. Nilipomaliza hakuniambia pole. Pole nilikuwa nimeambiwa na watu wengi. Alinyoosha mkono, kiganja juu, akauacha pale mchangani kati yetu.

"Shika, kama unataka."

Ulikuwa na magamba, unanuka ziwa, na moto kama jiwe lililoshinda juani. Niliushika, nikangoja mwili ujifunge. Ulikaza kidogo, kisha ukaachia. Harufu ya samaki sikuwahi kuichukia. Nimekua nayo, nimekula kwayo.

Hofu haikuisha siku hiyo. Zilifuata siku za kushikana mikono tu, na siku ambazo nilisema acha, akaacha. Nilijifunza kutangulia mimi: naweka kiganja kifuani pake, nasikiliza kwanza moyo wake unavyopiga, hapo ndipo naweza kupumua. Mara nyingine hata hivyo nilishindwa. Halafu, adhuhuri moja ya mvua, bati likipigwa mpaka jirani asingeweza kusikia lolote, tukawa mume na mke. Nililia baadaye. Aliuliza kama ameniumiza. Nikamwambia hapana, na ilikuwa kweli.

Siku hizi jioni nateleka sufuria ya maji kwenye babula la makaa, naye anaoga nyuma ya nyumba, maji ya moto, katika joto hili la Uvira. Kwetu anayeoga maji ya moto ni mama aliyetoka kujifungua. Jirani aliuona mvuke, akamwita kwa juu ya ua:

"Muzee, umezaa mutoto gani?"

"Musichana," mume wangu akajibu, akaendelea kujimwagia.

Mimi nilikuwa ndani, nimekaa kitandani, nikimsikia. Magoti yangu yalikuwa yamelegea. Nilimsogezea nafasi.