Majani ya Kuoza Nyuma ya Shamba la Baba

Walisema sitafika hata Walikale, sembuse chuoni. Walisema mvua itanikamata njiani, nitarudi Muheto na malaria na viatu vya kuazima, na ng'ombe ambaye mjomba alimuuza kunilipia karo atakuwa amepotea bure. Mwanamume mmoja aliyekuwa anakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, alisema mbele ya watu: "Muntu wa kubeba mizigo hawezi pata diplome. Shingo yake imeshazoea kiroba." Watu wakacheka. Kweli nilikuwa mbebaji, nikishusha madini ya koltani kutoka vilima vya Rubaya, na shingo yangu ilikuwa nene. Bado ni nene. Lakini diploma ninayo, iko ukutani juu ya kitanda changu ndani ya kioo, na yule aliyesema hajawahi kuvuka Bihambwe.

Nilisomea Kisangani. Wenzangu walikimbilia udaktari na mafuta ya petroli. Mimi nilichagua wadudu wa udongo, kwa sababu hakuna aliyewataka, na mahali pasipo na foleni mtu anafika mbele haraka. Nilifika mbele. Mwalimu wangu hakuwa mtu wa kusifu, lakini aliniachia darubini ya maabara siku za Jumapili, jambo ambalo hakumfanyia mwingine.

Wadudu wenyewe Wafaransa wanawaita kolembole. Kwetu sijasikia jina lao, maana ni wadogo kuliko mbegu ya ufuta na hawali mazao ya mtu. Wanaishi ndani ya majani yanayooza. Chini ya tumbo wana kitu kama uma kilichokunjwa. Wakishtuka wanakiachia, na kinawarusha juu kama punje ya mahindi kwenye chungu cha moto. Kumtofautisha mmoja na ndugu yake ni kazi ya vitu viwili, rangi ya mgongo na vinywele. Vinywele vimepangwa kwa safu, kila kimoja na shimo lake. Vingine laini, vingine vina manyoya pembeni kama unyoya wa kuku. Unavichora safu kwa safu mpaka jicho linatoa machozi. Rangi ni rahisi kuona na rahisi kupoteza. Ukimtia mdudu ndani ya alikoli, vinywele vinabaki, rangi inakimbia. Mwalimu alikuwa akisema, "Kinywele kinakuonyesha ukoo. Rangi inakuonyesha mtoto."

Niliporudi Muheto nilikuwa na diploma na darubini yangu mwenyewe, kuukuu, niliyoinunua kwa mgongo wangu, si kwa zawadi ya mtu. Mengine niliazima. Ng'ombe wa mjomba alikuwa ameshageuka karo ya shule zamani. Mfanyabiashara mmoja Mkatoliki wa upande wa Butembo, mwenye duka Rubaya, alinipa paneli ya jua, betri, na simu yenye kamera nzuri, akasema nitalipa nikishakuwa mtu mukubwa. Na mama jirani yetu, mjane, alinilisha maharagwe msimu mzima wakati shamba langu lilikuwa bado magugu.

Nyuma ya shamba la baba kulikuwa na kipande cha msitu wa zamani, kidogo, kilichobaki kwa sababu kipo kwenye korongo na ng'ombe hawawezi kushuka. Pande zote ni malisho na mikaratusi. Nilikata bidoni ya mafuta katikati, nikaifunga wavu, nikajaza majani ya kuoza na kuning'iniza taa juu yake ili joto liwasukume wadudu chini, ndani ya chupa. Hapo nilimwona. Manjano kama kiini cha yai, na mukanda wa buluu nzito kiunoni, umekatika katikati ya mgongo, na nyuma yake doa moja. Nilimjua ndugu yake wa Walikale, ambaye tayari ana jina vitabuni. Yule wa Walikale mukanda wake haukatiki.

Nilimtumia mwalimu michoro na chupa ya alikoli yenye wadudu. Chupa ilipofika, wadudu walikuwa wamepauka kama maganda ya maharagwe yaliyochemshwa. Jibu lake lilikuja kwenye simu: "Vinywele ni vile vile vya Walikale. Kwa hivi ulivyonitumia, huna kitu. Nipigie picha wakiwa hai, wakubwa kwa wadogo, kutoka sehemu zote mbili, tujue kwamba kukatika kwa mukanda si jambo la umri tu. Ukileta hiyo, jina utatoa wewe."

Jina utatoa wewe. Jumapili ile, nje ya kanisa, niliwaambia watu wote. Nilisema kuna mdudu duniani asiyejulikana na mtu yeyote isipokuwa mimi, na jina lake litakuwa la Muheto, na litaandikwa kwa Kilatini. Mjomba alisimama wima kama aliyepewa medali. Mwenye duka, aliyekuja kununua fromaji ya maziwa yetu, alinipiga begani. Yule wa kasiksi akauliza, "Na ule mududu, watu wanakula?" Nikamjibu, "Weye njo mwenye kuwala bila kujua jina lao." Siku hiyo walicheka upande wangu.

Kiangazi kilikuwa kimeingia, na wakati wa jua wadudu hushuka chini sana. Nikangoja. Mvua za kwanza zilipoanguka nilipanda pikipiki kwenda Walikale kupiga picha za ndugu yake kwanza, kwa kuwa njia ya huko hufungwa na matope upesi. Nilizipata, nzuri, wazi, hata kinywele kinaonekana. Ningejua ningeanza nyumbani.

Niliporudi, mama jirani alinipokea kwenye kijia, kitenge safi, uso unang'aa. "Papa," akasema, ingawa ni mkubwa kwangu, "kuja uone."

Nilimfuata hadi korongoni. Majani hayakuwepo. Chini ya ile miti udongo ulikuwa mwekundu, umefagiliwa mpaka mistari ya fagio inaonekana, kama uwanja wa kanisa siku ya ubatizo. Pembeni kulikuwa na kidonda cheusi cha majivu, bado kinatoa moshi. Magogo ya kuoza yalikuwa yameondolewa. Walikuwa wameweka hata kiti.

"Tulifanya salongo," akasema. "Kilima chote. Siku ya salongo watu wanasafisha barabara, mimi nikasema hapana, leo tunamusafishia mutoto wetu. Muntu wa diplome anapiga magoti mu takataka? Ile aibu iko ya nani? Iko yetu."

Mjomba alikuwa nyuma yangu. "Hata ule mulevi wa kasiksi alikuja," akasema. "Njo yeye aliwasha moto."

Nilikaa kwenye kile kiti. Sikuwa na mahali pengine pa kukaa.

"Unafurahi?" mama akauliza.

"Aksanti, Mama," nikasema. "Mumefanya kazi."

Nilichota majivu. Nilichota udongo wa chini ya majivu, na udongo wa kwenye mizizi, na ule wa ukingoni mwa kijito. Nilivijaza kwenye bidoni nikawasha taa. Chupani walidondoka siafu, funza mmoja, na kolembole wa kijivu, wale wanaopatikana hata kwenye shamba la viazi. Nilikwenda kwenye makorongo ya Bihambwe. Nilikwenda kila mahali nilipoona kivuli cha mti usio mkaratusi. Mvua ilinyesha vizuri mwaka ule, majani mapya yakaanguka na kuanza kuoza, na mimi nilikuwa pale kila yalipolowa. Wa kijivu. Wa kijivu tena. Mdudu asiyejua kuruka mbali kuliko upana wa mkono hatoki popote kuja kujaza msitu uliofagiliwa.

Mwalimu nilimwandikia. Alijibu, "Pole. Picha za Walikale ni nzuri sana, lakini za Walikale tayari tunazo. Tuache hapo."

Sikumwambia mtu aliyefagia. Wangeelewa nini? Kwamba zawadi kubwa kuliko zote waliyowahi kunipa ndiyo iliyofunga mlango? Waliendelea kupafagia. Kila salongo nilisikia mafagio kule chini, na nyimbo.

Darubini niliiuza kwa mnunuzi wa koltani wa Rubaya, anayetaka kuangalia punje za mchanga kabla ya kulipa. Aliigeuza juu chini kwanza. Bei yake haikutosha kumlipa mjomba ng'ombe wake. Basi nikarudi kubeba. Ninalisema bila aibu: hakuna mbebaji aliyepanda vile vilima na kiroba kizito kama changu, na vijana walioniita professeur kwa kunitania walichoka kabla yangu. Yule wa kasiksi alinipita njiani, akaiangalia shingo yangu, akanisalimia kwa heshima. Afadhali angecheka.

Siku niliyowalipa wote ilikuwa ya ukungu. Mwenye duka alipokea paneli, betri na simu, na pesa za nyongeza kwa kuvitumia, akasema ningeweza kungoja. Ndani ya simu picha za Walikale nilikuwa nimeziacha. Sijui kama alizifuta. Mjomba nilimfikishia mtamba mwenye paji jeupe. Alimzunguka, akampapasa mgongo, akasema, "Huyu iko muzuri kupita ule." Ilikuwa kweli.

Mwisho nikampelekea mama jirani gunia la maharagwe, nimelibeba mwenyewe. Nililishusha mlangoni kwake.

"Na ule mududu wetu?" akauliza. "Wamekwisha kuandika jina la Muheto?"

"Bado, Mama."

"Itakuja," akasema. "Kule chini kuko safi siku zote. Mimi mwenyewe ninaangalia."

Gunia lilikuwa limepasuka pembeni, na maharagwe machache yalikuwa yamemwagika kizingitini. Akaingia ndani kuleta fagio.