Feni Aliyonifungia Fundi wa Kaptembwo

Mwezi wa kumi na moja, 2007, tukiteremka na viazi kutoka Molo, feni ya lori langu ilichomoka kwenye injini na panga zake zikaichana rejeta, tangi la kupozea maji ya injini. Nilikaa kando ya barabara karibu na Sachangwan hadi fundi wangu alipokuja kunivuta. Alikuwa na gereji ya mabati mtaani kwetu Kaptembwo na alikuwa amenitengenezea gari kwa miaka sita. Hatukuwa kabila moja. Sikumbuki tukiwahi kulizungumzia hilo.

Rejeta ilichomelewa, lakini pale feni ilipokaa palikuwa pamevunjika kabisa, na spea za lori la umri ule hazikupatikana. Akasema tuweke feni ya umeme. Tulienda mjini, kwenye duka la Singasinga mmoja mzee. Mimi nilishika ya kwanza niliyoona, nyembamba, ya magari madogo, kwa kuwa nilikuwa na haraka. Fundi akairudisha kwenye rafu. Alikuwa amepima rejeta kwa kamba, akataka feni itakayoifunika karibu yote, na akamuuliza mzee inakula moto wa umeme kiasi gani, isije ikaniulia betri. Mzee alicheka, akaniambia nimshikilie sana huyo fundi.

Kuifunga kulimchukua siku mbili. Wengine hupitisha kamba za plastiki katikati ya rejeta; yeye alisema mtikisiko utazifanya ziitoboe, akatengeneza fremu ya chuma. Akaweka swichi ya joto ili feni ijiwashe yenyewe. Alipoiwasha mara ya kwanza aliweka kipande cha gazeti mbele ya rejeta, kikapeperuka. Feni ilikuwa inapuliza badala ya kuvuta. Akabadilisha waya mbili, gazeti likanata. Mke wake alituletea chai, mtoto mgongoni, tukainywa tukiisikiliza ikizunguka.

Uchaguzi ukapita, matokeo yakabishaniwa, makabila yakageukiana. Mwezi wa kwanza nyumba zilianza kuchomwa, na majirani wa kabila langu wakaniomba niwatoe mtaani. Walikuwa wameshapanda na magodoro yao nilipomwona fundi akija mbio na mke na mtoto.

“Ndugu yangu,” akasema, “hata nyuma kabisa, chini ya turubai.”

Nilitazama juu. Mama mmoja alinitikisia kichwa. Nilijua mbele kuna vijana wa upande wetu wamefunga barabara, wanakagua vitambulisho, na wakimpata kwangu hawataishia kwake.

“Limejaa,” nikamwambia.

Halikuwa limejaa. Palikuwa na nafasi ya magunia kumi, naye aliiona, kwa sababu alisimama akiitazama. Kisha akasema sawa, akamshika mke wake mkono wakaondoka.

Kwenye kizuizi cha barabara tulipanga foleni kwa muda mrefu, injini ikinguruma, maana hakuna aliyethubutu kuizima. Mshale wa joto haukusogea. Abiria wangu walilisifu lori. Vijana walipanda, wakatazama vitambulisho, wakatuachilia. Turubai hawakuligusa hata kidogo.

Fundi alifika kituo cha polisi kwa miguu na familia yake ikiwa hai, lakini njiani alikatwa panga mkono wa kulia, vidole viwili vikaenda. Gereji ilibebwa hadi mabati. Haya niliambiwa na watu. Mvua zilipoanza nilimfuata kwenye kambi ya waliokimbia makwao. Nilimkuta ameketi nje ya hema, mkono umefungwa kitambaa. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, lakini wenzake walikuwa hapo wakinitazama, nikaishia kumuuliza anaendeleaje.

“Lori lilikuwa limejaa, boss,” akasema, kwa sauti ya kunisaidia mbele za watu. Miaka sita hakuwahi kuniita boss.

Baadaye nilisikia wamehamia kwa kina mke wake, mbali. Sikuulizia zaidi. Mke wangu nilimwambia kwamba siku ile sikumwona fundi kabisa, na hadi leo anaamini hivyo.