Kongosho la Sabine, Mdomo wa Annuarite

Annuarite alikuwa na diploma ya uuguzi, na alihakikisha hakuna mtu katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka anayeisahau. Aliitundika ukutani juu ya cherehani, ndani ya plastiki mbili, mahali ambapo wenzake hutundika picha ya Bikira Maria. Miaka kumi na tisa alichoma watu sindano katika kituo cha afya huko Bukavu, Kongo. Malawi hakuna aliyeitaka karatasi yake, kwa hiyo alishona sketi na kwenda kuziuza soko la Tsoka. Mteja aliyeomba kupunguziwa, Annuarite alimdharau kwa ubahili, na aliyepita bila kununua alimdharau kwa kukosa macho. Kichewa, lugha ya wenyeji, alikataa kujifunza. Baada ya miaka saba nchini alijua kusalimu, kushukuru kwa zikomo, na maneno machache ya sokoni, akaona yanamtosha mtu aliyesoma kwa Kifaransa.

Basi Sabine, mdogo wake, alipoanza kulalamika mwezi wa tatu kwamba kila akila mafuta tumbo linamkamata chini ya mbavu, Annuarite hakuinua hata uso kutoka kwenye kitambaa.

"Ni gastrite, asidi ya tumbo tu," alisema. "Unakulaka mbio sana. Meza kidonge, acha pilipili."

Maumivu yakarudi mwezi wa nne, yakarudi tena wa sita. Mukandutiye, jirani yao anayekaanga mandasi, alishauri Sabine apelekwe kupigwa ekografi, ile picha ya ndani ya tumbo. Annuarite alicheka mpaka akashika mbavu.

"Muuza mandasi njo atanifundisha tumbo ya bantu?"

Kicheko hicho kilisimuliwa mtaa mzima. Tangu siku hiyo Sabine akishikwa na maumivu alikwenda kujikunja nyuma ya nyumba, dada yake asimwone.

Jumapili moja ya Agosti Mukandutiye alifanya karamu ya komunyo ya kwanza ya binti yake, na Sabine akala nyama ya nguruwe ya kukaanga kama wengine. Jua halijashuka, alikuwa chini sakafuni, anatapika, maumivu yamemtoboa kutoka tumboni hadi mgongoni. Majirani walijaa uani na jibu lao moja: karuho, ile sumu ya polepole ambayo watu wa Kivu huiona kwenye kila sahani ya jirani. Macho yote yakamgeukia Mukandutiye. Akaitwa Apollinaire, mzee wa kikundi cha maombi, naye akaja na chupa yake ya maziwa yaliyochanganywa na mawese na unga wa mzizi, dawa ya kutapisha sumu. Annuarite alipofika kutoka kanisani, Sabine alikuwa amekwisha kumeza nusu kikombe na anatapika nyongo tupu.

"We Apollinaire, uko munganga wa mbuzi?" Aliipokonya ile chupa na kuimwaga. "Mafuta! Mutu anakufa na tumbo, we unamunywesha mafuta! Na benye kukuita nabo, akili yao iko wapi?"

Kwa hili, tumpe haki yake, alikuwa sahihi. Kituo cha afya cha kambi kiliwapeleka Lilongwe kwa ambulensi, na aliyepanda pamoja nao ni huyo huyo Apollinaire, kwa sababu alikuwa na miaka kumi na minane Dzaleka na Kichewa chake kilikuwa safi. Annuarite alilazimika kuchagua kati ya kuwa bubu hospitalini na kusemewa na mpumbavu. Akamchagua mpumbavu.

Daktari alikuwa kijana wa Kimalawi mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Baada ya vipimo alieleza, na Apollinaire akatafsiri. Hakuna sumu. Kongosho, kile kiungo kilicho nyuma ya tumbo kinachotoa maji ya kusaga chakula, limevimba na maji yake lenyewe yanaliunguza. Halikimbiliwi kwa kisu cha upasuaji. Mgonjwa hupewa maji mengi ya mshipa na dawa ya maumivu, mkojo wake unapimwa, na chakula kinangoja mpaka kutapika kupungue.

"Karuho yako iko wapi sasa?" Annuarite alimuuliza Apollinaire.

Kisha daktari akauliza mambo mawili. Je, mgonjwa hunywa kachasu, ile gongo ya Malawi? Annuarite alikasirika, wao ni watu wa kwaya. Na maumivu haya, yaliwahi kumpata kabla?

Sabine alikuwa amelewa dawa, hasikii kitu. Annuarite aliikumbuka gastrite yake, akakumbuka kicheko chake, na diploma ndani ya plastiki mbili.

"Hapana," alisema. "Njo mara ya kwanza."

Apollinaire alimtazama kidogo, maana mtaa mzima ulijua. Lakini alitafsiri kama alivyoambiwa, na Annuarite akamdharau hata kwa utii huo.

Siku ya tano Sabine alikuwa anakunywa uji na kuketi mwenyewe. Daktari alikuja na habari njema. Ingawa gesi nyingi tumboni ilifunika picha, ekografi haikuonyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo. Kwa kuwa ni mara ya kwanza, kesho ataruhusiwa kwenda nyumbani, na baada ya miezi mitatu atarudi kupimwa upya.

"Amesema pia," Apollinaire aliendelea taratibu, "kama ingekuwa inamushikaka kila akikula mafuta, wangetafuta tena ile mawe na kumupasua, kutosha ule mufuko wa nyongo mbele ya kumuachilia. Sababu mawe ikiziba tena njia, kongosho inaweza kuoza. Bengi banakufaka."

Annuarite alimgeukia mdogo wake. Sabine alikuwa amesikia kila neno. Alikuwa amefumba midomo, vidole vyake vinakunja pindo la shuka, na kwenye macho yake Annuarite aliona woga. Hakuogopa kisu, wala kufa. Alimwogopa yeye. Mtoto wa mama yake alikuwa tayari kurudi nyumbani na kifo tumboni kuliko kumuumbua dada mbele ya watu.

Annuarite alijidharau kama alivyokuwa hajamdharau mtu yeyote.

"Mwambie ni uongo," alimwambia Apollinaire. "Inamushika tangu mwezi wa tatu. Kila akikula mafuta. Ikaitwa gastrite."

Apollinaire alitafsiri. Daktari aliacha kuandika, akauliza kitu kwa ukali.

"Anauliza ni nani alisema ni gastrite, muda yote hiyo."

"Mwambie ni mi."

Apollinaire alikohoa, akamjibu daktari kwa Kichewa, sentensi fupi. Annuarite hakuijua yote, lakini neno moja alilijua vizuri, kwa maana alilisikia kila siku Tsoka: msika, soko. Akaelewa kwamba mzee amemtaja mtu fulani, muuza dawa wa sokoni. Mpumbavu wa chupa ya mawese alikuwa anamfichia aibu yake.

Daktari alitikisa kichwa na kusonya, akamlaani muuza dawa huyo. Annuarite akamshika mkono wa koti lake jeupe mpaka akageuka. Alijigonga kifuani kwa kidole.

"Ine," alisema. Mimi.

Sabine alitolewa mfuko wa nyongo Alhamisi iliyofuata. Ulikuwa na mawe kumi na moja.