Wiki Niliyonenepa

Nilirudi Dodoma kutoka India nikiwa mnene kuliko nilivyoondoka. Nikiwasimulia watu hawaniamini, maana nilikwenda huko kupasuliwa tumbo ili nipungue.

Unene ni wa kwetu, upande wa baba. Ofisini, pale bungeni nilikokuwa mpiga chapa, viti viwili vilikuwa vimenivunjikia, na wenzangu wakawa wananitania kwamba cha tatu kitengewe fungu lake kwenye bajeti. Nilicheka nao, lakini kucheka hakukunisaidia kupanda ngazi. Presha ilikuwa juu, sukari imeanza, na daktari mmoja wa hapa mjini aliniambia bila kupepesa macho kwamba moyo wangu umechoka. Kaka yangu, ambaye enzi zile za soko huria alikuwa amefungua mashine ya kukamua alizeti na mambo yakamnyookea, alisikia kwamba India wanalipunguza tumbo la mtu likabaki dogo kama kikombe cha kahawa. Akasema twende.

Mama alikuwa anaishi Mkonze, siku hizo ni mashamba na mbuzi tu. Tulikwenda kumweleza ukweli wote, hatukuficha kitu. Akanitazama mimi, akamtazama kaka.

"Mtu apande ndege aende Ulaya kutafuta kukonda?" Kwa mama, ndege zote zilikwenda Ulaya. "Niambieni tu anaumwa nini."

Sikumlaumu. Miaka michache nyuma alikuwa amemzika mdogo wangu, katika ule wakati ambao kila nyumba ilikuwa inazika. Mdogo wangu alikondea chumbani kwa mama, mpaka mwishoni mama akawa anamnyanyua peke yake, anamgeuza kama mtoto mchanga. Tangu hapo, kwa mama mtu mnene alikuwa mzima na mtu aliyekonda alikuwa anaaga. Hakukuwa na maneno ya kulitoa hilo kichwani mwake.

Tulirudi mapema kuliko madaktari walivyopenda, nikiwa na mshono mrefu tumboni na miguu imevimba kwa kukaa kwenye ndege. Nilipofika kwangu Chang'ombe nilimkuta mama ameshahamia, na unga wa uwele na samli. Kwetu aliyepasuliwa tumbo hutunzwa kama mzazi, hata kama hakuna mtoto. Mimi nilikuwa nimeruhusiwa kunywa vitu vyepesi tu, tena kwa kijiko.

Kaka alikuwa amenunua kule mizani ya kukanyaga, akaniwekea chumbani. Asubuhi nikapanda. Nikashuka, nikapanda tena. Kilo zilikuwa zimeongezeka.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Yeye mizani aliijulia kliniki ya watoto, alikotupeleka sote kwa zamu. Pale mtoto akiongezeka, nesi humpongeza mama yake, na mtoto akipungua mama husemwa mbele za watu.

"Umeongezeka?" akaniuliza.

"Nimeongezeka, mama."

"Bwana asifiwe!"

Akatoka hapo moja kwa moja hadi uani kuwatangazia majirani. Wakaja, wanawake wa pale mtaani, wakanizunguka kitandani. "Dada, umenawiri! India imekukubali!" Nilitamani niwatupie ile mizani.

Kaka alimpigia simu daktari wa kule India. Akaelezwa kwamba ni maji ya dripu na uvimbe wa kidonda, kwamba mwili ukishatulia vyote vitatoka, nisubiri. Mimi sikusadiki. Nilijua tu kwamba nimekatwa bure, kwamba moyo wangu utachoka hivyo hivyo mpaka usimame, na viti nitaendelea kuvunja. Wiki nzima nilifunga mlango nikalia. Huko nje mama alikuwa anapepeta uwele huku akiimba nyimbo za kanisani, moja baada ya nyingine, kwa sauti. Tangu tulipomzika mdogo wangu sikuwa nimemsikia akiimba hata siku moja. Nililala pale nikimsikiliza, na ninasema kwa uchungu kwamba niliona ni kelele.

Kisha maji yakaanza kutoka. Nikawa mtu wa kushinda msalani. Miguu ikanywea, pete ikaanza kucheza kidoleni, na asubuhi moja nikapanda mizani nikapiga kelele ya furaha.

"Umeongezeka?" Mama alikuja mbio, mikono ina unga.

"Nimepungua, mama! Nimepungua!"

Akaketi kwenye kigoda. Na kuanzia siku hiyo hakuniuliza tena habari za mizani.

Nilipungua haraka kama nilivyoahidiwa. Nikinywa uji vijiko vichache, tumbo linakataa, narudisha bakuli. Mama analipokea, analitazama, analifunika.

"Hata mwenzio alianza hivi hivi," akaniambia siku moja. "Chakula kinakataa kupita."

"Mama, mimi nimekatwa tumbo. Ni dogo."

"Haya, mwanangu."

Ile "haya" yake ilinichoma kuliko kidonda. Nilikwenda kupima, majibu yakawa safi, nikamsomea. Nikampeleka kwa daktari amweleze kwa mdomo wake. Daktari alieleza vizuri sana, mpaka akachora na tumbo. Mama akasema, "Asante, baba." Tulipotoka nje akajifunga kanga upya na kusema, "Hata yule wa mwenzio alikuwa na maneno mazuri."

Wale wanawake walionisifia sasa walikuwa wananong'ona kwamba nimekanyaga miwaya. Ndivyo walivyokuwa wanausema ule ugonjwa uliomwondoa mdogo wangu, na mama alisikia. Hakugombana nao. Alichukua mkeka akautandika sakafuni kando ya kitanda changu, akawa analala hapo. Nikigeuka, anauliza, "Unaumwa wapi?" Mimi ambaye sasa nilipanda ngazi za ofisi bila kusimama kupumua! Presha ilikuwa imeshuka, magoti yameacha kulalamika. Nilikuwa ninapona mbele ya macho ya mtu aliyekuwa ananiuguza nife.

Mvua za mwaka uliofuata hazikumkuta. Alikuwa amekwenda Mkonze kusafisha shamba, akaanguka hapo hapo. Walipotuita alikuwa ameshamaliza.

Msibani nilikwenda kukaa mkekani na wanawake wenzangu, wakanizuia. Wakaniletea kiti. Wale wa jumuiya ya kanisani walinipikia uji wangu peke yake, wakanishikilia bakuli ninywe. Nilipowaambia mimi si mgonjwa waliitikia kwa upole, "Haya, dada," kwa sauti ile ile ya mama.

Tulipofika makaburini nikaona shimo halikuchimbwa ubavuni kwa mdogo wangu kama nilivyotegemea. Limesogezwa mbali kidogo, na katikati pameachwa nafasi, imefyekwa vizuri. Nikamuuliza mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, kwa nini wamefanya vile.

Akanishika mkono.

"Alisema mwenyewe, mwanangu. Alisema wakati wako ukifika ulale katikati yao, usije ukaogopa."

Nililia mpaka wakaja kunishika, huku na huku. Nilikuwa mzima kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na mtu pekee niliyetaka ajue walikuwa wanamteremsha.